Chama Kilichoruka Zamu Yetu

Da Tatu, mke mwenzangu,

Amani ya Mola ikufikie huko uliko. Watoto wetu wote wazima, na mume wetu Vuai hajambo ila lile goti. Sikuwa na nia ya kukuandikia. Tangu tulipokuzika nakuombea dua kila Ijumaa kama inavyonipasa, nikidhani hilo linatosha baina yako na mimi. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu kabla ya uchaguzi, na hapa Bwejuu hakuna wa kumwambia akanielewa isipokuwa wewe. Na wewe ndiye niliyekuonea wivu kuliko mtu yeyote duniani. Basi nimekaa, nnaandika.

Nianze na la nyumbani. Ulipokufa nilidhani sasa siku zote za Vuai zitakuwa zangu. Astaghfirullah, niliwaza hivyo hata arubaini yako haijafika. Kumbe hapana. Vuai bado anashika zamu yako. Siku zako zikifika, akishasali alasiri anachukua ufunguo, anakwenda nyumbani kwako, anafungua madirisha, anafagia uwanja, anakaa barazani peke yake. Na kulala analala huko huko. Siku ya tatu anarudi kwangu kama mtu aliyetoka safari. Nilimuuliza mara moja tu.

"Unakwenda kwa nani?"

Akanijibu, "Nnakwenda kwa Tatu."

Sikumuuliza tena. Nilikuonea wivu ulipokuwa na sauti yako na mwendo wako na ile kanga yako ya zambarau. Sikujua kwamba iko siku nitaionea wivu nyumba isiyo na mtu.

Sasa la chama. Watu hapa wanadhani mimi niliingia chamani kwa ajili ya bei ya mwani, au kwa ajili ya mabomba yasiyotoa maji. Niliingia kwa ajili yako. Ulikuwa ukienda kwenye mikutano ukirudi unacheka, na wanawake wanakujaa barazani mpaka wengine wanakaa chini. Maji ya bahari yakitoka tukashuka pwani kufunga mwani, ukipita wewe wanawake wananyoosha migongo, "Katibu! Katibu!" Nikipita mimi wanasema, "Bi mdogo kaja." Nikasema sharti na mimi niwe pale alipo huyu. Siku niliyokwenda kuchukua kadi uliniona kwenye foleni, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uso wako wa hasira. Ukanisogezea kiti. Ukasema, "Umechelewa, Mize. Kaa hapa karibu yangu." Nilikaa nimekukasirikia wiki nzima, kwa sababu hukukasirika.

Tukafanya kazi, lakini unajua tulivyofanya. Wewe ulisema, mimi nilitembea. Nyumba kwa nyumba, nimebeba daftari la majina, wewe umekaribishwa kitini, mimi nimesimama mlangoni. Na uchaguzi ule wa mwisho wa uhai wako, ilipokuja ile pikapu na bendera yake, na magunia ya mchele kwa ajili ya kuwapikia mawakala wetu wa vituo vya kura, iliegeshwa wapi? Mlangoni kwako. "Chama kimeleta," ukasema, umeweka mkono kiunoni. Mimi nilikuwa nakosha masufuria uwanjani kwako, nikajisemea: hata chama kina mke mkubwa. Siku ile niliuchoma wali kwa makusudi. Leo ndiyo nnakwambia.

Ulipoondoka, tawi likanichagua mimi kuwa katibu. Nilifurahi, Da Tatu. Nililia mbele za watu kama inavyotakiwa, kisha nikaenda chumbani nikafurahi. Na ukaja mwaliko wa kwenda mjini, mkutano wa makatibu wa matawi yote ya Unguja na Pemba, na jina langu limeandikwa kwenye barua, siyo lako. Nikapaka hina. Nikavaa baibui jipya.

Mkutano ulikuwa Mji Mkongwe, kwenye ile nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mbao zilizosimama kama ukuta. Unaijua, ulishaipanda. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Tulikaa chumba cha juu, madirisha yanatazama mapaa ya mabati yenye kutu, sauti za watembeza wageni zinatufikia kutoka uchochoroni. Akasimama bwana mmoja wa ofisi kuu, mwenye miwani na kompyuta, akatuonesha ukutani ramani ya visiwa vyetu iliyopakwa rangi. Pemba nzima kijani. Mjini hapa kijani, pale manjano. Halafu nikapatafuta kwetu. Kusini nyekundu. Mashariki nyekundu. Mpaka kule juu Matemwe, nyekundu tupu.

Akaeleza kwa upole kabisa, kama anayesomesha watoto. Kijani, hapa tunalinda. Manjano, hapa tunapigania. Nyekundu, hapa tunaweka jina la mgombea tu. Magari, vipaza sauti, chakula cha mawakala, viongozi wa kuja kuhutubia, vyote vitakwenda kwenye kijani na manjano. "Kusini hatupotezi nguvu," alisema. "Tuna uchaguzi wa kushinda."

Nikausikia moto ule. Naujua. Ni moto ule ule wa mwaka ule Riziki wako alipougua, Vuai akakaa kwako zamu zangu mbili mfululizo, na mimi sikuweza kusema neno kwa sababu mtoto anaumwa, nani atamsikiliza mwanamke anayelalamikia mtoto mgonjwa? Na hapa vile vile. Nani atamsikiliza katibu wa Bwejuu anayelalamikia ushindi?

Nikasimama hata hivyo.

"Mheshimiwa," nikamwambia kiongozi wetu aliyekaa mbele, "mimi naitwa Mize, katibu wa tawi, Bwejuu. Na mimi ni mke wa pili."

Wakaanza kucheka kabla sijasema kitu.

"Kwa hivyo zamu ikirukwa nnaijua. Mume akiruka ya kwanza, husema ana kazi. Akiruka ya pili, husema mtoto anaumwa. Ya tatu hasemi kitu. Nataka kuuliza, hii ya kwetu kusini ni ya ngapi?"

Chumba kizima kilipasuka, Da Tatu. Wanawake walipiga meza. Mwenye miwani alicheka mpaka akaivua. Kwa muda ule mdogo nilikuwa mimi ndiye wewe, na wallahi huko ni kutamu. Lakini kiongozi akasubiri watu wanyamaze, akapangusa macho, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bi Mize, siasa ni hesabu. Msiwaonee kijicho wenzenu. Na hili si jipya. Uchaguzi uliopita ilikuwa hivi hivi. Bi Tatu alikaa hapo hapo ulipo, tukamwambia, akasema sawa."

Nikakaa kitako.

Mwanamke wa Pemba aliyekuwa kando yangu akanisogezea chupa yake ya maji. Nilishamchukia tangu ramani ilipowashwa, maskini, hana kosa. Akaninong'oneza, "Usione hivyo, dada. Na kwetu wanakuja siku za kura tu. Zikisha, hata simu hawapokei." Alitaka kunituliza. Na mimi nikaionea wivu hata hiyo zamu ya siku za kura tu.

Sikurudi shamba, kwetu Bwejuu, moja kwa moja. Nilikwenda Amani, hapo hapo mjini, kwa kaka yako Khamis, maana kama na wewe ulirukwa, ile pikapu ilitoka wapi? Nilimkuta uani kwake, nyuma ya uwanja wa mpira, kichwa kimo ndani ya injini ya gari ya mtu. Sikusubiri hata chai.

"Khamis, ile pikapu ya chama iliyokuja Bwejuu uchaguzi uliopita, ilikuwa ya nani?"

"Ya chama?" Akanyanyua kichwa. "Ile yangu mimi. Tatu kanisihi nimpe siku tatu, kaniapisha nisimwambie mtu."

"Na mchele?"

Akafuta mikono muda mrefu. "Alishaniambia, akifa nisimfiche anayeuliza. Mchele ule aliuweka kwa ajili ya harusi ya Riziki. Bendera kashona mwenyewe kwenye cherehani yake. Chama hakikuleta hata kibiriti."

Nilisimama pale uani, kelele za watoto wanaocheza mpira zinatoka upande wa pili wa ukuta, nikashindwa kujua nihisi nini kwanza. Aibu ilikuja. Miaka yote ile nilikuonea wivu kwa mapenzi usiyopewa. Na wewe zamu yako ilirukwa, mbele ya chumba kizima, ukashuka zile ngazi, ukarudi Bwejuu, ukajipamba ukakaa barazani kama mwanamke anayemtarajia mumewe. Halafu, kabla aibu haijapoa, ukaja wivu mpya. Niliona wivu kwamba uliweza. Mimi nilisimama nikapiga kelele watu wakacheka. Wewe ulisema sawa, ukaenda kupika.

Na nilikukasirikia. Mbona hukuniambia? "Kaa hapa karibu yangu," ulisema. Nilikaa karibu yako miaka mingapi? Umemwambia Khamis, mimi hukuniambia. Nimewaza sana kwa nini. Labda ulijua ningefurahi. Na kweli, Da Tatu, siku zile ningefurahi.

Niliporudi niliwaita wanawake wa tawi. Barazani kwangu ni padogo, basi nikamwomba Vuai ufunguo wa kwako. Ilikuwa siku yako. Alinitazama, akanipa, yeye akaenda kukaa msikitini.

Walikuja wote. Walikaa kama walivyokuwa wakikaa kwako, na nafasi yako ya kuegemea nguzo wakaiacha wazi bila ya mtu kuwaambia. Mimi nikakaa mlangoni. Maneno yako nilikuwa nayo ulimini: chama kitaleta. Maneno mawili tu. Lakini mimi sina kaka mwenye gari, sina mchele wa harusi, na uso wangu haufichi kitu, unajua. Nikawaambia ukweli. Nikawaambia ramani, nyekundu, hatupotezi nguvu.

Kisha yule Bi Mwajuma, mwenye mashamba ya mwani makubwa kuliko yetu sote, akainuka akajikung'uta mchanga. "Basi mie nakwenda zangu kwenye mwani. Wasiotutaka na siye hatuwataki." Wakaondoka naye wengi. Waliobaki waliweza kuenea kwenye mkeka mmoja.

Mmoja kati ya waliobaki akauliza, "Na Bi Tatu alijua?"

Hapo, Da Tatu, shetani alinikalia begani. Nilitaka waache kukulilia. Nilitaka angalau siku moja wakutazame kama wanavyonitazama mimi. Ningesema, alijua, akakudanganyeni, na nisingesema uongo. Nikasema, "Alijua. Na alikulisheni kwa mchele wa harusi ya mwanawe."

Unadhani walifanya nini? Walilia upya. Walikulilia kama siku ya maziko, wakakusifu, wakataja mikono yako na pilau yako. Hata uongo wako umekuongezea mapenzi! Nilikuwa nimeshika birika la chai, nusura nilitupe uwanjani.

Habari ikazunguka kijiji kizima. Baada ya siku mbili Bi Mwajuma akarudi, na wenzake nyuma. Hakunitazama. "Huyo kalisha watu kwa mchele wa mwanawe," akasema, "mie nitashindwa na kukaa kituo cha kura siku moja?" Walirudi kwa ajili yako, siyo yangu. Nikawapokea. Ningefanyaje?

Basi tukafanya. Kila wakala akaahidi kuja na chakula chake kutoka nyumbani, na atakayekosa agawiwe. Hatukuwa na gari wala kipaza sauti. Tulitembea, na safari hii mwenye kusema nilikuwa mimi. Sikusema vizuri kama wewe. Watu hawakucheka. Nilikuwa na neno moja tu nililolitoa kichwani mwangu mwenyewe, nikalirudia kila mlango: mbunge ana jimbo na mwakilishi ana jimbo, lakini kura ya rais wa Zanzibar haina jimbo. Ya Bwejuu na ya Pemba zinamiminwa chungu kimoja. Hao waliopaka ramani wamesahau hilo, nyie msisahau. Wengine walinipa kiti. Wengine walinijibu dirishani. Mzee mmoja akaniambia, "Bi Tatu angekuja mwenyewe ningempa." Nikamwambia Bi Tatu amekufa. Akasema anajua.

Siku ya kura Bi Mwajuma alikaa kituoni tangu asubuhi, na muhogo na samaki wa kukaanga ndani ya kikapu, hakunyanyuka ila kwa sala. Mawakala wetu wote walikaa mpaka karatasi ya matokeo ikasainiwa ikabandikwa ukutani. Tulishindwa. Hilo utakuwa umelikisia. Kiti cha jimbo kimekwenda kule kunakokwenda siku zote. Lakini kura zetu pale kituoni zilizidi za wakati wako, Da Tatu. Niliisoma ile karatasi mara mbili, kidole changu chenye wino juu yake. Na nnakiri kwako, jambo la kwanza nililowaza halikuwa nchi wala chama. Niliwaza: nimempita Tatu.

Kisha nikageuka nikakutafuta. Nilikutafuta kweli, kwa macho, kati ya watu waliosimama pale. Hakuna mtu mwengine niliyetaka kumuonesha. Nilishika ukuta wa skuli, hapo hapo kituoni, nikalia, na wanawake wakadhani nnalilia jimbo.

Huko juu mambo yamekwisha kama yanavyokwisha. Kila upande umesema wake kwenye televisheni, na kila upande ulisema "wananchi wa visiwa vyote", na mimi nikajiuliza ni visiwa gani hivyo, maana hapa hajaja mtu. Mabomba bado yanakoroma hewa. Bei ya mwani wanakuja nayo wanunuzi kutoka mjini, siye tunaitikia. Ofisi kuu ilipeleka ujumbe wa shukurani kwa simu, nikasikia umewafikia makatibu wa Pemba na wa mjini. Kwangu haukufika. Nilizima simu nikaiwasha tena kuhakikisha, haukufika.

Vuai, na kadi yake ya kile chama chengine, hakuniuliza kitu kipindi chote kile. Siku ya pili baada ya matokeo alikuwa anavaa viatu kwenda kwako, akasema, "Mmefanya kazi nyie." Ni hilo tu. Nikamwambia, "Ukifika mwambie." Akafunga kamba za viatu, akasimama.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

Ndiyo maana nnakuandikia.

Na liko moja la mwisho. Wiki iliyopita nilikuwa uwanjani nnaanika mwani, simu ikalia, nambari siijui. Mwanamke, anasema anaitwa Asha, katibu wa tawi letu Matemwe. Alikuwepo kwenye ule mkutano, alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na alipofika nyumbani akalia. Kwao mawakala walikimbia saa sita mchana kwa njaa.

"Nasikia nyie mlikaa mpaka karatasi ikabandikwa," akasema. "Bila ya chama. Mlifanyaje, dada? Nani kakufundisheni?"

Uwanjani hapakuwa na mtu. Khamis yuko mjini, Vuai alikuwa kazini, anajenga ukuta wa hoteli huko ng'ambo ya kijiji. Hapakuwa na wa kunisuta. Nilitaka kusema, "Mimi." Lile neno nimelitaka tangu siku niliyoolewa.

"Mke mwenzangu," nikasema. "Anaitwa Tatu."

"Basi njoo naye, mtufundishe."

"Keshatangulia mbele ya haki," nikamwambia. "Nitakuja mimi."

Nnakwenda Jumamosi. Bi Mwajuma anafuatana nami. Ofisi kuu sijawaambia na sitawaambia. Nikishamaliza Matemwe, Asha anasema kuna wengine huko kaskazini wanataka kusikia, nitakwenda na huko.

Mungu akupe nuru kaburini, Da Tatu, akusamehe ule uongo wako na anisamehe mimi wali ule. Siwezi kukuahidi kwamba nitaacha kukuonea wivu, kwa sababu sitaki kuanza kukudanganya sasa. Nnachokuahidi ni kwamba kila baraza nitakayokaa nitalitaja jina lako mwanzo, kabla ya langu. Litaniuma kila nikilitaja. Lakini nitalitaja.

Mdogo wako,
Mize